Walichokuta Tumboni mwa Juzuu ya Saba

Miaka hamsini na moja ilikuwa imepita tangu Tak Bun-i aingie kijijini Solmae kama bibi harusi, na miaka hiyo hakuihesabu kwa mavuno wala kwa misiba, bali kwa maaniko ya vitabu. Kila mwaka, mvua ndefu za kiangazi zilipokoma na upepo mkavu kuanza kushuka kutoka mlimani, makasha ya nyumba ya vitabu yalifunguliwa, na juzuu za ukoo wa Geum zikatandazwa juu ya mikeka katika ukumbi wa mbao wa nyumba hiyo, kivulini, zipate hewa. Barabara ya lami ilifika kijijini. Vijana wakaifuata, na wengi hawakurudi. Mumewe Bun-i akafariki, binti yake akaolewa ng'ambo. Maaniko yakabaki.

Desturi ilikuwa kwamba mwanamke hakanyagi nyumba ya vitabu. Lakini katika mwaka wa pili wa ndoa yake baba mkwe alivunjika nyonga, na mumewe alikuwa jeshini. Nani basi angeanika? Mzee aliketishwa barazani, akamfundisha kwa sauti tu: aoshe mikono na kuikausha, asilambe kidole, asiache jua liguse wino.

"Kila karatasi imekunjwa katikati," alimwambia, "maandishi nje, tumbo ndani. Unyevu hulala tumboni. Puliza ndani ya mkunjo, binti, taratibu, kama unavyopuliza uji wa mtoto."

Nyonga ya mzee haikupona sawasawa, na tangu siku hiyo ufunguo ulining'inia kiunoni mwa Bun-i.

Mwaka huu maaniko yalikutana na mkutano mkuu wa ukoo. Wanaume walikaa ukumbini kando ya mikeka, wake zao wakawa jikoni wakikaanga maandazi ya maharage ya kusaga. Ajenda ilikuwa moja, nayo ilimkosesha Bun-i usingizi tangu majira ya kuchipua. Hyeon-cheol, mtoto wa shemeji yake, mhandisi wa mji wa Daegu, alikuwa amezipiga picha juzuu zote kwa miaka miwili. Sasa alipendekeza vitabu vyenyewe vipelekwe kwenye ghala la baridi mjini, na nyumba ile ya kale, ambayo paa lake lilivuja, ifungwe moja kwa moja. Wazee wakikubali, haya yangekuwa maaniko ya mwisho, na Bun-i angebaki na ufunguo wa nyumba tupu.

Hakumchukia Hyeon-cheol, wala hakuchukia kazi yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyemshikia taa siku nyingi alipopiga picha, na jioni alipenda kuyakuza maandishi kwenye kishikwambi mpaka herufi moja ikawa kubwa kama sahani. Mjukuu wake alivisoma vitabu hivyo hivyo huko ng'ambo, akiwa kwenye gari moshi. Hilo lilikuwa jema, na Bun-i alilisema wazi. Alichotaka ni kimoja tu: karatasi zisihame.

"Tazama, mama mkubwa," alisema Hyeon-cheol, akikiinua kishikwambi ili wote wakione. "Juzuu mia sita arobaini na tatu, zote zimo humu. Mende hawaingii, mvua haiingii. Tena tumeyafuta madoa. Kurasa zimetakata kama shati la sikukuu!"

"Madoa yapi?"

"Vile vivuli vya rangi ya chai, kwenye juzuu zilizonakiliwa mwaka wa njaa. Mtambo umeviondoa wenyewe."

"Basi na mimi unitie humo," alidakia mzee Du-yong, mkubwa kuliko wote ukumbini, mwenye miaka tisini na mitatu. "Magoti yangu nayo yana madoa ya mwaka wa njaa."

Watu wakacheka. Bun-i hakucheka. Aliufuta mkono wake kwenye sketi, akauliza kwa upole, "Mwanangu, kila kitu kimo?"

"Kila kitu, mama mkubwa. Hata nukta haikubaki nje."

"Nitafutie basi yule mkamwana aliyepikia watu arobaini."

Hyeon-cheol akapapasa kioo. "Juzuu gani?"

"Ya saba."

"Ya saba ni taratibu za mazishi, mama mkubwa. Hakuna mapishi humo."

"Ndimo alimo. Na yule aliyemwandikia mama yake aletewe dawa ya surua, yumo katika ya kumi na mbili."

Kidole kikapanda na kushuka. Kurasa nyeupe zikapita moja baada ya nyingine, zote zikiwa na herufi za wanazuoni, zimejipanga kama askari. "Hawamo," alisema hatimaye, na sauti yake ikalainika kama ya mtu anayeongea na mgonjwa. "Labda umechanganya na hadithi ya kwenye televisheni."

"Umri huo," mzee mmoja alimnong'oneza jirani yake. "Ndiyo maana nasema nyumba ifungwe tu, apumzike."

Bun-i alisikia. Aliinuka, magoti yakalia, akaenda kwenye mkeka wa tatu na kuitwaa juzuu ya saba bila kusoma jina lake. Akaja nayo ukingoni mwa baraza, penye mwanga. Akachagua karatasi moja, akapuliza ndani ya mkunjo mpaka ukajaa kama mkono wa kanzu, kisha akauelekeza mbinguni.

"Njoo uweke jicho hapa."

Mhandisi akavua miwani na kuinama, makalio juu, kichwa upande. Aliinama hivyo muda mrefu, hata mzee Du-yong akauliza kama amelala. Ndipo Hyeon-cheol akaanza kusoma, neno kwa neno, kwa maana tumboni mwa karatasi ile hamkuwa na herufi za wanazuoni, bali zile nyepesi walizojifunza wanawake:

"'Mama, leo nimepikia watu arobaini. Sufuria nimeziosha, jua limetua, na hakuna aliyeniuliza kama nimekula. Usimwambie baba. Mwambie tu kwamba supu yangu ilisifiwa.'"

Mlango wa jikoni ulijaa watu. "Soma tena, wa nyuma hatukusikia!" alipaza sauti mke wa Hyeon-cheol, mwiko mkononi. "Na sisi tunaokaanga tangu alfajiri, nani ametuuliza?"

Safari hii waliocheka ni wanawake.

"Mkamwana," alisema Du-yong, "jambo hili umelijua tangu lini?"

"Tangu mwaka wa pili, baba mdogo. Nilimwuliza baba mkwe. Akasema mwaka wa njaa karatasi zilikosekana, wakazigeuza takataka za jikoni, barua za wakamwana ambazo hazikupata kutumwa, na kuandika upande mweupe. Nikadhani nyote mnajua." Akaifunga juzuu kwa mikono miwili. "Nikawa nawasoma mwenyewe kila maaniko, mmoja mmoja. Nilipofiwa na mume wangu, hawa ndio walionifariji."

Uso wa Hyeon-cheol ulikuwa umepauka. "Vile vivuli," alisema. "Ulikuwa wino wao. Mama mkubwa, nimewafuta."

"Umewafuta kwenye picha, mwanangu. Wenyewe wamo."

Hapo mhandisi alisimama mbele ya ukoo wake, akaivunja hoja yake mwenyewe. Alisema alidhani kitabu ni yale maneno yanayoonekana, na kwamba amefanya kazi miaka miwili bila kukijua alichokishika. Akatoa hoja mpya: paa lijengwe upya, vitabu vibaki, maaniko yaendelee, na mkunjo baada ya mkunjo uingizwe taa nyembamba, upigwe picha ya ndani, kila karatasi ikifunuliwa na Bun-i au na mtu atakayefundishwa naye. Picha hizo wapelekewe mabinti wote wa ukoo, popote walipo duniani. "Na madoa," aliongeza, "asiyaguse mtu!"

"Wanaokubali, mikono juu," alisema Du-yong, naye akainua yote miwili.

"Baba mdogo, mtu mmoja mkono mmoja!" mmoja wa wanaume alimkumbusha.

"Huu wangu. Huu wa marehemu mama yangu. Alipika hapa miaka sitini. Na wale pale mlangoni nao wahesabiwe."

Haikupata kutokea Solmae kwamba mikono ya jikoni ihesabiwe katika baraza la ukoo. Ilihesabiwa siku hiyo, mingine ikidondosha unga, na hapakuwa na mkono hata mmoja uliobaki chini. Kisha wake wa ukoo wa Geum wakanawa, wakakausha vidole, wakapanda ukumbini kwa mara ya kwanza, wakapiga magoti kuizunguka mikeka. Na Bun-i akapita nyuma yao, akiwaonyesha namna ya kupuliza.

Mola amzidishie Tak Bun-i siha na nuru ya macho, aiweke mikono yake imara juu ya kazi yake. Ambariki binti yake na mjukuu wake ng'ambo waliko, na Hyeon-cheol na nyumba yake. Awarehemu mumewe na mkwewe, na wakamwana wote waliotangulia, awaketishe mahali ambapo watapakuliwa wao kwanza. Amina.