Nilitaka Turbo ya Gari Letu Ipunguzwe Nguvu

Leo fundi wa magari amenifunza adabu mbele ya mtoto wangu.

Binti yangu Neema, wa miaka kumi na sita, alipata leseni ya muda ya huku ughaibuni Jumatatu. Ina masharti: asibebe marafiki wengi, asiendeshe usiku wa manane.

Mimi nikaongeza langu. Asiendeshe gari lenye turbo, kile kifaa cha kuongezea injini nguvu.

Shida ni kwamba gari tulilo nalo ni moja tu, na lina turbo.

Basi asubuhi tukaenda mji wa jirani, Richfield, kwa fundi wetu, Mtanzania mpole sana.

"Fundi, punguza nguvu za hii turbo. Huyu mtoto ataniua kwa presha."

"Inawezekana, dada. Ngoja kwanza nilikague."

Akafungua tairi la mbele. Akachungulia ndani.

"Breki zimelika vibaya. Anayeendesha hapa anakimbiza gari, halafu anafunga breki ghafla."

"Si nilisema!" Nikamgeukia Neema.

Fundi akauliza taratibu, "Kwani kila siku linaendeshwa na nani, dada?"

Nikajibu kwa sauti ya chini:

"Ni mimi."

(Jamani, mimi ni nesi, zamu hainisubiri!)

Neema akatazama chini, mabega yakimtetemeka kwa kicheko.

Turbo tumeiacha ilivyo. Breki tumeweka mpya. Neema ameendesha hadi nyumbani, Inver Grove Heights, akiacha nafasi ya kutosha nyuma ya kila lori. Aliyekuwa akikanyaga breki hewani ni mimi.

Tulipofika alininyooshea funguo. Nikamwambia akae nazo.

Nichekeni tu, wazazi wenzangu. Ila semeni ukweli: breki zenu mmezikagua lini?