Kigari Alichokingoja Bibi

Juzi nilipita mbele ya kibanda cha fundi simu, karibu na soko hapa Malindi, nikasimama ghafla kama niliyeitwa. Hapakuwa na aliyeniita. Ilikuwa ni harufu ya risasi ikiyeyuka kwenye ncha ya chuma cha moto, ile harufu kali yenye utamu kidogo inayokaa puani mpaka jioni. Fundi akaniuliza kama simu yangu imeharibika. Nikamwambia simu ni nzima, ni mimi tu. Alicheka, nami nikaenda zangu.

Hiyo ilikuwa harufu ya mjomba Fadhili, kaka yake mama. Alikuwa fundi wa redio na televisheni, na karakana yake ilikuwa chumba cha mbele cha nyumba ya Bibi. Bibi ndiye mama yao wawili hao. Ndiye aliyenilea mchana mama alipokuwa kazini, na ndiye aliyenipa jina la Zuhura.

Mjomba alikuwa na ugonjwa mmoja usio na dawa: mambo ya angani. Kawaida ugonjwa kama huo humfanya mtu mpweke, lakini yeye aliwaambukiza wawili. Wa kwanza alikuwa Mwalimu Mutua, mtu wa Machakos aliyeletwa kufundisha fizikia akasahau kurudi kwao. Wa pili alikuwa Kadzo, mshonaji wa duka la jirani, binti wa Ganze kusikokwisha ukame, aliyekuja siku moja kulalamikia kelele za redio na asiondoke tena. Mwaka ule, nikiwa na miaka kumi, walikuwa na habari moja tu midomoni: kigari kisicho na dereva kilichokuwa njiani kwenda sayari ya Mirihi, na ambacho kingetua mwezi wa nane. Ukinihesabu na mimi tulikuwa wanne, na mimi nilijihesabu wa kwanza.

"Kinakwenda kuchunguza kama huko kuliwahi kuwa na maji," Mwalimu alitueleza.

"Wakiyapata," Kadzo akasema huku akikata uzi kwa meno, "wakirudi wapitie Ganze. Sisi tu karibu zaidi."

Kigari kingeshuka kwa mwavuli mkubwa, basi nasi tukaona lazima tujaribu. Kadzo akachana mwavuli mbovu akaushona upya, tukaufunga kwenye mkebe wenye yai ndani, Mjomba akapanda juu ya paa akauachia. Yai likapasuka. La pili likapasuka. La tatu sitaki hata kulisema. Ulikuwa mwezi wa Ramadhani na mayai yale Bibi aliyaweka kwa ajili ya mkate wa kufuturia, kwa hiyo tulipogeuka tukamkuta amesimama mlangoni, mkono kiunoni.

"Mayai yangu yamewakosea nini?"

Mjomba, mtu mzima mwenye ndevu zake, akajificha nyuma ya Mwalimu. Nikasukumwa mbele mimi nieleze. Nikaeleza yote: safari, mwavuli, na zile kamba ambazo kigari kingeteremshwa nazo mwisho kabisa. Bibi alinisikiliza bila kunikatiza, kisha akauliza swali ambalo hakuna hata mmoja wetu aliyewahi kulifikiria.

"Na huko kinakokwenda, nani atakipokea?"

"Hakuna mtu, Bibi."

"Hakuna!" Akatikisa kichwa. "Mgeni njoo, mwenyeji apone. Sasa huyu mgeni wenu asiye na mwenyeji, atapona nani?"

Lakini aliingia jikoni na kurudi na yai la nne kwa mkono wake mwenyewe, na kipande cha pamba. "Mfungeni vizuri," akasema. Yai lile lilifika chini zima. Kuanzia siku hiyo Bibi naye akawa mgonjwa kama sisi, na kila tulipomaliza kufuturu aliuliza, "Kigari kimefika wapi leo?"

Jambo moja tu lilimtatiza. Mjomba alimweleza kwamba habari kutoka huko huchukua kama dakika kumi na nne kutufikia. Wakati sisi tunasikia kwamba kigari ndio kwanza kinaingia kwenye hewa ya Mirihi, chenyewe kitakuwa kimeshatua, au kimeshavunjika. Tutakuwa tunaomba dua kwa jambo lililokwisha.

Bibi akafikiri kidogo. "Tutaomba hivyo hivyo," akasema. "Mwenyezi Mungu hana dakika."

Siku chache kabla ya kutua, tumbo lililokuwa likimsumbua Bibi kwa muda likamzidi. Madaktari wa hospitali moja ya Kilifi wakasema ni lazima apasuliwe, na siku waliyoipanga ikaangukia asubuhi ile ile ambayo kigari kingetua. Nililia. Nililia kwa kuogopa kwamba Bibi hatarudi, na nililia pia kwamba hatakuwepo kuona kigari kikitua. Naona haya kusema kwamba sijui ni lipi lililoniliza zaidi.

Alipokuwa akivaa buibui aliniita. "Nikirudi nataka unisimulie yote, Zuhura. Usiruke hata kidogo." Kisha akanituma kandambili zake uani. Niliporudi nazo, Mjomba alikuwa ameinama mbele yake akisema, "Nimesikia, Mama." Sikuuliza amesikia nini. Bibi akaondoka na mama, wakalala huko huko hospitali.

Asubuhi yake tulikuwa karakanani mapema. Upasuaji ulikuwa saa nne, na Mjomba alipanga kwamba kigari kikishatua tu, mimi na yeye tushike njia ya Kilifi. Modemu ya kompyuta ilining'inizwa dirishani kwa uzi ili ipate mtandao, na picha ilikuwa ikiganda kila mara. Mjomba alikuwa na daftari mapajani akiandika kila hatua na saa yake. Mimi nilikaa juu ya televisheni mbovu, miguu ikining'inia.

Simu yake ikalia. Akaitazama, akatoka nayo kwa mlango wa nyuma.

Aliporudi uso wake ulikuwa umelowa, maji yakidondoka ndevuni. "Jua limekuwa kali," akasema, na hakuna aliyemuuliza. Nakumbuka niliona ajabu, maana ilikuwa asubuhi ya baridi ya upepo wa kusi na mimi nilikuwa nimevaa sweta. Akakaa, akaandika kitu daftarini, akamnong'oneza Mwalimu. Mwalimu akavua miwani akaifuta, akaifuta tena. Kadzo aliwatazama wote wawili, akajiziba mdomo kwa leso.

"Kuna nini?" nikauliza.

"Kinaingia hewani," Mjomba akasema. "Tazama hapa, Zuhura. Usipepese macho."

Aliniwekea mkono begani, na mkono ule ulikuwa mzito. Mwavuli ukafunguka. Kamba zikateremka. Kisha wale watu wa kwenye kompyuta waliovaa fulana za samawati wakaruka kutoka vitini, wakakumbatiana, nami nikajua. Niliruka, nikazunguka, nikaangusha mkebe wa misumari, nikakimbilia dirishani nikapiga kelele kuelekea Kilifi, "Bibi! Kimefika! Kimefika!" Kadzo alipiga makofi huku machozi yanamtoka, nikayadhania ya furaha. Mjomba alisema alhamdulillahi kwa sauti ndogo. Mwalimu bado alikuwa anafuta miwani. Niliudhika kidogo. Watu wameharibu mayai matatu kwa ajili ya siku hii, halafu wanashangilia kama wanaoumwa na meno! Nikajiambia ni njaa ya saumu, nikasahau kwamba Mwalimu na Kadzo hawakuwa wamefunga.

Mjomba alizima kompyuta, akanishika mkono, akanipeleka chumbani kwa Bibi, akanikalisha kitandani kwake. Hapo ndipo aliponiambia kwamba Bibi ametangulia. Moyo wake ulikuwa umesimama kabla hata hawajampeleka kupasuliwa.

Tulimzika siku hiyo hiyo, baada ya alasiri. Nilikuwa nimelala mapajani kwa mama, katikati ya wanawake, nilipomsikia akiwaambia, "Nimekaa na maiti ya mama peke yangu, namngoja Fadhili haji. Eti alikuwa anatazama kidubwasha cha Wazungu!" Wanawake wakasema astaghfirullah. Mjomba alikuwa mlangoni na sinia ya tende. Alisikia kila neno. Aliweka sinia chini, akasema, "Nisamehe, dada yangu," akatoka.

Nami nilimkasirikia. Nilidhani ile simu ya kwanza ilikuwa ya mteja, na kwamba kigari ndicho kilichomfanya asiisikie ya mama mpaka akachelewa, na kwa mtoto ni rahisi kukasirikia kigari kuliko kukasirikia kifo. Tangu hapo mama na kaka yake waliamkiana siku za Idi, basi. Nyumbani kwetu hapakutajwa tena Mirihi.

Mwaka jana macho ya Mjomba yalipunguka nguvu akaamua kufunga karakana. Nilikwenda kumsaidia kupanga vitu, na chini ya meza nikalikuta lile daftari. Mwandiko wake umejaa ukurasa mzima, kila hatua na saa yake. Katikati ya hatua hizo pana mstari mfupi: "2:19. Mama." Chini yake kigari kinaingia hewani, mwavuli unafunguka, kamba zinateremka. Na wa mwisho: "2:32. Kimetua salama. Mtoto amefurahi sana."

Nilikaa sakafuni.

"Ulijua," nikamwambia. "Mimi naruka, na wewe unajua."

Akasema, "Bibi yako aliniambia siku ile, lolote litakalokuwa, nisikutoe pale mpaka kigari kikanyage chini. Ulikuwa wasia wa mama yangu, Zuhura. Ningefanyaje?"

"Na mama yangu? Ungemwambia angekusamehe siku ile ile."

"Ningemwambia yeye, lingekufikia wewe. Ungejua uliruka wakati gani." Alikuwa akipapasa misumari mezani na kuirudisha mkebeni mmoja mmoja. "Hilo si la kumtwika mtoto."

Nililia siku ile kuliko nilivyolia msibani. Miaka yote ile nilidhani nimekosa kitu kwa sababu ya Mjomba, kumbe nilikuwa nimepewa. Bibi alinipa furaha yangu nzima, Mjomba akanishikia, na kwa kunishikia alikubali kuitwa mtoto asiyejali mamake. Sikuwahi hata kumwambia asante, kwani sikujua.

Jioni nilimpelekea mama daftari. Alivaa miwani akasoma, kidole kikishuka mstari kwa mstari, kikasimama kwenye "Mama", kikashuka tena mpaka mwisho. Nikamweleza habari ya wasia. Akalifunga daftari, akaliweka kando. Nilidhani amekasirika.

"Na hicho kigari," akauliza hatimaye, "kilifika salama?"

"Kilifika, mama."

"Alhamdulillahi," akasema. Akavua miwani, akaninyooshea mkono. "Nipe simu. Nimpigie kaka yangu."