Bunduki Iliyonukia Maandazi

Januarius alikuwa na hasira za karibu, na Bariadi nzima ilijua. Ukimpelekea bunduki, uliiweka mezani ukanyamaza. Ndiye fundi aliyekuwa na kibali cha kazi hiyo, karakana yake nyuma ya soko, na tangu biashara ilipofunguliwa kwa bidhaa za nje hasira zake zilizidi. Maduka yalijaa vitu vya kung'aa: majembe yanayopinda shambani, vitasa visivyomaliza wiki.

"Feki tupu!" alifoka kila alipopita pale. "Mimi siuzi feki. Jina langu ndilo duka langu."

Basi asubuhi ile Jilala alipoibwaga bunduki mezani mbele ya wateja, Januarius alihisi damu imempanda kichwani. Jilala alikuwa mfugaji wa upande wa porini, na bunduki ile kuukuu aliachiwa na baba yake. Mwezi uliopita Januarius aliihangaikia mpaka macho yakamuuma: pini ya kugonga risasi ilikuwa imelika, springi imelegea. Pini aliichonga mwenyewe kwa tupa. Springi aliitoa kwenye bunduki mbovu aliyokuwa ameitunza miaka mingi, maana za dukani hakuziamini hata kidogo.

"Umeniwekea feki!" Jilala alipaza sauti. "Simba kaingia zizini, nimevuta, haikulia! Maksai wangu kaliwa nikisikia mifupa ikivunjika. Jozi ya kulimia imebaki nusu, mvua hizo zinakuja. Nilime na nini? Na meno?"

Uledi, mwenye duka la jirani, alitikisa kichwa. "Hata Januarius naye? Basi tumekwisha."

Mteja mmoja akachukua bunduki yake iliyokuwa ikisubiri zamu, akaondoka bila kuaga. Januarius alimwona. Miaka yote ile ya kujinyima, na jina linachafuliwa asubuhi moja tu!

Akaivuta bunduki ya Jilala, akajaribu kuifungua. Ilikuwa ngumu, imenata. Akaigonga, ikaachia, na ndani ukaonekana utandu wa kahawia unaonata kama ulimbo. Akanusa.

"Njooni mnuse!" alipiga kelele. "Njooni wote! Hii ni bunduki au kikaango? Inanukia maandazi! Mafuta ya pamba haya, ya kupikia, yanayouzwa na kinu kipya cha kukamua! Yakikauka yanaganda, pini itatembeaje? Umeikaanga bunduki, wewe, halafu unakuja kunitukana? Hao ng'ombe wako wana akili kukuzidi!"

Watu waliangua kicheko. Jilala akainamisha kichwa.

Mkewe, Nyanjige, alikuwa amesimama mlangoni muda wote. Akasogea mpaka mezani.

"Niliyeipaka ni mimi," alisema.

"Ndiyo useme!" Januarius alidakia.

"Siku tulipoichukua ulituambia tuipake mafuta kila wiki. Nikakuuliza, mafuta gani, baba? Ulinijibu nini?"

Siku ile Januarius alikuwa ameinamia tupa, hakuinua hata uso.

"Ulisema, 'Yoyote, mama, yoyote! Msinimalizie siku kwa maswali.' Nikapaka tuliyokuwa nayo. Watoto walikula mboga ya kuchemsha ili bunduki ipate mafuta."

Hakuna aliyecheka tena. Hasira za Januarius hazikutoka, ila sasa hazikuwa na mtu wa kumwendea. Aliisafisha bunduki bila kumtazama yeyote, akaijaribu, pini ikagonga vizuri. Akatia mafuta ya mashine kwenye kichupa, akamwekea Nyanjige kiganjani.

"Haya tu! Umesikia? Haya tu!"

Kisha akazunguka nyuma ya karakana. Alirudi akimvuta maksai wake mwekundu, mmoja wa wale wawili wanaolima majaruba yake ya mpunga.

"Shika kamba, Jilala."

"Lakini baba, huyu ni..."

"Nimesema shika! Na ukinishukuru nitakupiga!"

Jilala akashika. Uledi, aliyekuwa bado amesimama pale, akauliza taratibu, "Sasa fundi, na wewe utalima na nini?"

"Na meno!" Januarius alifoka, akairudia tupa yake.