Bunge Juu ya Meza

Jirani yangu hapa Londiani alikuwa mpishi wa chai bungeni kabla hajastaafu, na hawezi kulieleza jengo lile bila vyombo. Thamosi ndiyo mnara wa saa. Mkate ni upande uliojengwa na wakoloni, vikombe ni ule ulioongezwa baada ya uhuru, na vijiko ni malango. Mikono yake huvipanga polepole hata tukiongea mambo ya viazi. Siku ile ya maandamano, televisheni ikionyesha moshi, binti yangu Chepkorir alinipigia simu akilia, amekwama nje ya ukuta wa bunge. Nilimgeukia jirani tuliyekuwa naye mezani. Jirani akaichukua simu, akasukuma sahani kando, akaanza kupanga. Sauti yake haikupanda hata kidogo.

"Unaona mnara? Sawa, mami. Uache nyuma yako, ufuate ukuta mpaka barabara kubwa."

Chepkorir akamwambia kuna lango karibu zaidi, watu wanakimbilia huko. Jirani aliokota kijiko cha mwisho, akakifumbata kiganjani.

"Hilo usikaribie," akasema. "Hapo ndipo wamemweka kijana wangu alinde, na bunduki."