Kiti cha Dirishani

Mama Pasi, dobi wa mtaa, aliposema kiangazi hiki atakwenda likizo peke yake, nyumba nzima iligeuka wakala wa safari. Mwamba ngoma huvutia kwake: bintiye alimchagulia ufukwe, dada yake mkubwa akashikilia milima, eti pasi imeshamuunguza vya kutosha.

"Treni inaishia mji gani?" aliuliza yeye.

Wakamtajia. Mji huo hauna bahari wala mlima. Una kiwanda cha saruji.

"Basi nakwenda huko."

Dada akamtazama kama anayetazama shati jeupe lililoungua. "Mdogo wangu, huko kuna nini?"

Mama Pasi aliendelea kunyoosha kola. Utotoni, kila safari, dirisha lilikuwa la wakubwa, na dada huyuhuyu ndiye aliyeling'ang'ania. Alipozaa, likawa la watoto. Hata chumba hiki cha kazi ni kuta tupu.

"Dada, huko ni mbali. Nitakaa dirishani kutwa nzima, na hakuna wa kuniambia nisogee."

Dada akacheka, halafu akakumbuka, akainamisha macho. "Na ukishafika?"

"Nitageuza. Kurudi nako kuna dirisha."