Tokyo ama Bangkok

Leo mimi na Akinyi tumetoka kwa ofisi ya ajenti wa safari mbio.

Akinyi ni yule tunafanya naye kazi. Tulikuwa tumepanga likizo pamoja. Mimi nilitaka Tokyo, nione theluji na treni za kasi. Yeye alitaka Bangkok, joto na chakula cha barabarani. Tumebishana mwezi mzima!

Basi lanchi tukaingia kwa ajenti mmoja hapa mjini atusaidie kuamua.

Mzee mpole kabisa. Akachukua paspoti zetu, akaandika namba zetu za simu, akasema, "Tokyo wachaneni nayo. Bangkok mnaenda Ijumaa, na tiketi ni juu yetu."

Juu yenu? Kwa nini?

Akacheka tu. Akauliza kama tumeolewa.

Kisha simu yake ikalia, akatoka kwa korido. Mlango haukufunga vizuri, tukamsikia:

"Nimepata wawili. Hapana, hawana waume. Wakifika huko mtawanyang'anya simu."

Jamani!

Akinyi ndiye aliruka, akanyakua paspoti kwa meza, akanivuta. Tukampita hapo kwa korido akiuliza, "Madam, mbona haraka?"

Hatukusimama mpaka kituo cha polisi. Naandika nikiwa hapa.

Sasa hivi huyo ajenti ametuma meseji: "Nitawaletea tiketi jioni, hapo kwenu Kimumu."

Hatukumwambia tunakaa wapi.

Afande amesema tusirudi kwa nyumba leo. Nani ako na nafasi ya watu wawili? Nipigie, usiandike hapa.