Panapomuuma Mtu Pasiachwe Njiani

Nakumbuka asubuhi moja ya baridi pale Miyuji, mwanangu, ambayo mpaka leo hunijia kila nikikaa kuandika programu. Nilikuwa msichana mwembamba mwenye maringo. Niamini tu, maana sasa huoni dalili ya wembamba wala ya maringo. Ilikuwa miaka ile biashara ilipofanywa huria, wafanyabiashara wakaanza kuleta kompyuta mjini Dodoma, na aliyejua kuiwasha alijiona amesoma kuliko aliyeitengeneza.

Nilifanya kazi kwenye karakana ya miguu ya bandia. Fundi mkuu alikuwa Mzee Ndahani, mtu mpole ambaye hakuwahi kugombana na mtu isipokuwa na gundi inayochelewa kukauka. Wagonjwa wa Kongwa walipimwa kulekule na muuguzi, kisha vipimo vyao vikaletwa kwetu kwa basi, ndani ya disketi. Programu ya kuvibeba niliiandika mimi.

Nikueleze kidogo, kwa kuwa unajifunza kazi hii. Ndani ya programu ile kila mgonjwa alikuwa kitu kimoja chenye sehemu zake: jina, urefu wa mguu, unene wa kigutu, na namba ya mahali panapouma, kwa kufuata mchoro uliobandikwa ukutani. Kitu cha namna hiyo hakisafiri kikiwa kizima kwenye kompyuta. Lazima ukifungashe, ukigeuze kuwa mfululizo wa alama unaoweza kukaa kwenye disketi. Upande wa pili wakikifungua, kinasimama tena kama kilivyokuwa. Ila lugha ile ya kompyuta inakuruhusu kuitia alama sehemu fulani, kana kwamba unasema: hii usiifungashe.

Mimi nikaitia alama hiyo sehemu ya maumivu, ili disketi isijae upesi. Nilijiambia kwamba maumivu hubadilika kila siku, mgonjwa akifika ataulizwa upya. Sikumwambia mtu. Na namba isiyofungashwa, ukija kufungua, hurudi sifuri. Kwenye mchoro wetu sifuri ilimaanisha hapaumi popote.

Basi asubuhi hiyo mama mmoja kutoka Kongwa akamleta binti yake, Yuditi, aliyekatwa mguu chini ya goti baada ya kuumwa na nyoka machungani. Mama alikuwa akimbeba mgongoni kwenda shule, lakini mtoto akakua na mgongo ukakataa, ikabidi Yuditi akae nyumbani akiwatazama wenzake wakipita. Bila mguu wa bandia, masomo yake yalikuwa yameishia hapo.

Akavishwa. Akasimama, akatembea kutoka dirishani hadi mlangoni huku akitabasamu. Mama yake akapiga vigelegele, nami nikapiga makofi kana kwamba mguu nimeuchonga mwenyewe. Mzee Ndahani hakushangilia. Alikuwa akiutazama uso wa mtoto, ambao ulikuwa unatoka jasho katika baridi ile. Akapiga magoti mbele yake, mzee mzima, akamwuliza kama panauma. Mtoto akasema hapaumi.

"Mjukuu wangu," akamwambia, "mguu huu ni wako. Hata ukisema panauma, hakuna atakayekunyang'anya."

Ndipo Yuditi akalia. Alipouvua tukaona ngozi imechubuka, tena palepale ambapo mama yake alisema walimwonyesha muuguzi, na muuguzi akaandika kwenye mashine. Mzee wa watu aliuchonga mguu akiiamini sifuri yangu. Nikajitetea, kama vijana mnavyojua kujitetea, kwamba programu ilifunguka vizuri na haikutoa kosa lolote.

"Hata huyu hakutoa sauti, binti yangu," akanijibu taratibu. "Kimya kingi kina mshindo mkuu. Ulimwuliza nani kama mzigo umefika mzima?"

Sikuwa nimemwuliza mtu. Mzigo wa mwenzio ni kanda la usufi, mwanangu. Maumivu ya mtoto yule kwangu yalikuwa kitu cha kupunguza ili disketi isijae, na niliumia sana nilipolielewa hilo.

Mzee hakunishtaki kwa wakubwa. Aliniambia niirekebishe programu, kisha akanituma Kongwa nikae na muuguzi: tumfungashe kila mgonjwa, tumfungue papo hapo, tumsomee kilichorudi, aseme mwenyewe kama ndiye. Waliokwisha kuchukua miguu yao tuliwafuata vijijini. Wengine tuliwakuta wanatembelea magongo, mguu wetu uko uvunguni. Unawauma, lakini hawakutaka kutuudhi, kwa kuwa tuliwapokea vizuri.

Yuditi alingoja kidonda kipone, akachongewa mwingine. Safari hii nilipiga magoti mimi, nikamwuliza panauma wapi. Akafikiri kidogo.

"Panabana," akasema. "Hapa pembeni."

Mzee Ndahani alicheka mpaka machozi yakamtoka, akachukua tupa, akaanza kupunguza. Mimi nililia waziwazi. Sijawahi kufurahi hivyo kwa kuambiwa kazi haijakamilika. Shule zilipofunguliwa, Yuditi alikwenda kwa miguu yake, mama akimfuata nyuma mikono mitupu, hajui aiweke wapi.

Kwa hiyo, mwanangu, ukifungasha, fungua mwenyewe kabla hujapeleka, ulinganishe kilichoingia na kilichotoka. Sehemu unayoiacha, mwambie anayepokea kwamba umeiacha, asije akadhani haikuwepo. Na usiamue peke yako kwamba jambo la mtu ni dogo. Mwulize mwenye nalo, halafu umpe nafasi ya kukujibu bila woga. Mashine haitakusuta, na watu wengi watakustahi kwa kunyamaza huku wanaumia.

Nenda, mwanangu. Mungu aibariki mikono yako, akupe sikio la kumsikia anayeona haya kusema, na kila atakayepita kwenye kazi yako afike mzima.